Mbao za Mtumbwi wa Onesmo

Siku washenga wa Masalu walipofika nyumbani kwetu Nkome, niliteremsha sufuria ya wali motoni kwa mikono mitupu. Mama akapiga kelele. Mimi nikaitua chini taratibu, nikaitazama mikono yangu ikianza kuwa myekundu, nikaiona kama ya mtu mwingine aliyeniazima.

"Hosiana! Kitambaa hicho hapo hukioni?"

"Nimekiona, mama."

"Sasa?"

"Basi tu."

Mama Onesmo, ndivyo anavyoitwa mama yangu hadi leo, alinitumbukiza mikono kwenye beseni la maji huku akinung'unika kwamba hajawahi kuona mchumba anayeposwa na malengelenge. Sikusikia maumivu. Ningekuwa mtu wa kujisifu ningesema ni ujasiri, lakini ukweli ni kwamba kwa miaka minne kitu fulani ndani yangu kilikuwa kimekufa ganzi. Dorah, jirani ninayeanika naye dagaa, hupenda kusema moyo wangu umetolewa kwenye barafu la samaki. Huwa nacheka naye. Kubisha kunachosha.

Ganzi hiyo ilianza siku mtumbwi wa kaka yangu Onesmo uliporudi mwaloni bila yeye. Alikuwa ametoka na wenzake wawili kuvuta nyavu, dhoruba ikawapindua. Wenzake waliung'ang'ania mtumbwi wakaokotwa wakiwa hai. Onesmo hakuonekana, si siku ile wala siku zilizofuata. Wazee wa ukoo walimshauri baba afanye kama wanavyofanya wengine waliopoteza watu wao ziwani: akate shina la mgomba, alivishe shuka, alizike, watu wanyoe nywele, msiba uishe.

"Mwanangu si ndizi," baba aliwajibu, wakaondoka.

Baba ndiye fundi aliyeuunda mtumbwi ule kwa mikono yake. Aliuvuta juu ya mchanga, akaulaza kifudifudi. Kila mwaka mwezi aliopotea Onesmo ulipofika alinunua pamba, akaichovya kwenye mafuta, akaipigilia upya katikati ya mbao ili maji yasipite. Kalafati ya mtumbwi usioingia majini! Watu waliupita kwa mbali, hakuna aliyethubutu hata kuukalia. Nyumbani neno "marehemu" lilikuwa mwiko. Onesmo alikuwa "hajarudi". Na pamba ile, aliyekuwa akiisokota ili baba apigilie, alikuwa mimi.

Masalu yeye nilimpata kwa sababu ya mbao mbovu. Nilikuwa nageuza dagaa mchangani, kijana mrefu akasimama karibu, suruali imejaa madoa ya rangi.

"Dada, habari za kazi. Naulizia mbao za mitumbwi iliyokufa."

"Kuni zinauzwa kule juu, kaka."

"Si za kuni. Za kuchorea."

"Kwani madukani karatasi zimeisha?"

Akacheka. "Karatasi haijawahi kwenda popote. Hizi zimetembea."

Nikajua nimepata kichaa, na kichaa mwenyewe ana macho yasiyo na haraka. Alikuwa ametoka Maganzo, kulelewa amelelewa na baba yake mdogo, Mzee Bujiku, mchimba almasi. Wenzake wakichekecha udongo kutafuta jiwe, Masalu huuchukua udongo wenyewe, huusaga, huufanya rangi. Masizi ya karabai ni rangi yake nyeusi. Matanga yaliyoshonwa kwa viroba vya sandarusi, mabati yaliyozibia matundu, misumari yenye kutu, vyote alivibeba. Kila mwezi akawa anakuja Nkome, na kila alipokuja alizidi kukosa mbao na kuzidi kukaa karibu na chanja zangu za kuanikia dagaa. Je, nilimpenda? Sikujua. Mtu mwenye ganzi hajui amegusa nini. Nilichojua ni kwamba siku asipopiga simu, dagaa walikuwa wananishinda kugeuza.

Mwaka huu mwezi ule ulipokaribia, baba alikwenda Mwanza kutolewa mtoto wa jicho, mama akamsindikiza. Kabla ya kuondoka baba alinikabidhi mfuko wa pamba. "Isokote, nikirudi nikute tayari." Nilikaa na ule mfuko siku tatu. Siku ya nne nikampigia Masalu.

"Njoo na gari. Kuna mtumbwi mzima."

"Wa nani?"

"Wa marehemu kaka yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza nalitamka neno lile, nikalitamkia simu. "Hosi," akasema, "wazee wanasemaje?"

"Baba amekubali."

Huo ukawa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuja baba aliporudi. Alitoka garini akaenda moja kwa moja ufukweni kulijaribu jicho lake jipya, akakuta mchanga mtupu. Nikasimama nyuma yake. Nilikuwa nimeshajipangia kusema kweli, naapa. Lakini ziwa lilikuwa limejaa msimu ule, limemeza hadi chanja za Dorah, na mdomo wangu ukashika njia ya mkato.

"Ziwa limeuchukua, baba. Maji yamepanda."

Baba alitazama maji muda mrefu. Halafu akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka minne. "Kauchukua mwenyewe," alisema. "Nilijua atakuja kuuchukua."

Kuanzia siku hiyo baba alikula akashiba. Alirudi kuchonga makasia. Nilipomweleza habari za Masalu, akasema waje, na kijana mwenyewe aje, maana sasa macho anayo na anataka kumwona anayemchukulia mwanawe. Posa yangu yote ilikuwa imekalia uongo, nami nilikuwa najua.

Basi wakaja, siku ya Jumamosi saa nne asubuhi. Mzee Bujiku amevaa koti la suti na kofia ya pama, Masalu shati jeupe lililopigwa pasi hadi linakwaruza. Kwapani alibana kitu kipana kama mlango, kimefungwa shuka. Nilipoingia sebuleni na maji ya kunawa, aliniinulia macho. Nikayakwepa, si kwa haya bali kwa mazoea. Lakini yale macho yalinifuata hadi mlangoni, na nilipofika jikoni nikajikuta nimesimama bila kujua nilikuwa nimefuata nini.

Mzee Bujiku alikuwa anaongea kwa sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka shimo hadi shimo.

"Bwana Bartholomeo, sisi Wasukuma tukiona zizi zuri hatupiti bila kubisha hodi. Tumesikia hapa kuna ndama."

"Ndama yupo," baba alijibu, na nikasikia kwamba anacheka. "Lakini ndama wangu ni mkimya. Msije mkasema nimewauzia bubu."

"Wabeja, wabeja, tunashukuru! Mkimya ndiye tunayemtaka. Huyu kijana wetu kelele zake zote ziko kwenye mbao."

Wakacheka wote. Mama alinibinya bega kwa furaha. Nilisimama kwenye mlango wa sebule, nimeshika trei ya soda, nikajiambia: imepita. Imepita salama.

Ndipo Masalu aliposema, "Baba, shikamoo tena. Naomba kabla wazee hawajaendelea, nitoe zawadi yangu. Nimeitengenezea nyumba hii."

Akafungua shuka.

Nilidhani mbao zile zimekwenda kwenye maonyesho Mwanza. Alikuwa ameniambia zimechaguliwa na kuna watu wameziulizia. Sikujua kwamba amewanyima watu wote ili azilete hapa. Zilikuwa mbao sita zimesimama bega kwa bega. Chini alipaka ule udongo wa kijivu wa Maganzo, juu weusi wa masizi, na katikati wamesimama watu majini hadi kiunoni, wametupa mgongo, wanatazama mbele. Hakuwa amegusa mistari ya pamba. Kalafati yote aliiacha kama ilivyokuwa, nyeupe, ikishuka kutoka juu hadi chini kati ya mbao na mbao. Ilikuwa nzuri, hilo sina haja ya kulificha. Nilijua ni nzuri kama mtu anavyojua kwamba chai ni ya moto kabla hajaionja.

Baba alisogea. Aliweka kidole gumba kwenye mstari wa pamba, akakishusha polepole. Baba ni mashoto, nyundo yake huingia kwa ubavu, na pamba aliyoipiga hulala upande wake mwenyewe. Kidole kikasimama.

"Hii kalafati ni yangu," alisema.

"Ndiyo, baba," Masalu akajibu kwa heshima, akifurahi kwamba baba ameitambua. "Sikutaka kuifunika. Ndiyo kazi yako na..."

"Mbao hizi umezitoa wapi?"

Masalu alifungua mdomo, halafu akanitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje. Nadhani haukuwa na kitu, kama kawaida yake, lakini Masalu amejifunza kusoma mbao zilizofutika. Nilimwona akielewa. Alielewa kwamba baba hakuwahi kukubali, kwamba nilimdanganya yeye, kwamba nimemdanganya kila mtu. Niliona jinsi ilivyomuuma. Halafu akaniondolea macho, akamgeukia baba.

"Nilizichukua ufukweni, baba. Nilikuta mtumbwi uko peke yake."

"Nani alikupa?"

"Hakuna aliyenipa. Nilichukua mwenyewe."

"Ukaukata?"

"Niliukata."

Mzee Bujiku akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Masalu! Umenitoa Maganzo nije kuaibishwa?"

Baba hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mzee mwenzangu," alisema, "sina ugomvi na wewe. Lakini mwanangu alikuwa na kitu kimoja duniani, na kijana wako amekipasua. Siwezi kumpa mwizi binti yangu. Nyanyukeni mwende salama."

Nilirudi jikoni na trei yangu. Soda hazikumwagika hata tone. Mama alikuja nyuma yangu, akafunga mlango, akanishika kidevu kama nilipokuwa mtoto.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akafumba macho. Nilingoja kofi. Badala yake akaninong'oneza, "Basi nyamaza."

"Mama..."

"Nyamaza, Hosiana. Baba yako amerudi kuwa mtu miezi mitatu tu. Ukimwambia Onesmo hakuja, utamuua. Huyo kijana ameshaubeba mzigo, ana mabega, mwache aubebe. Wanaume wako wengi."

"Huyu ni mmoja."

"Unampenda?"

Swali gani hilo la kuulizwa katikati ya sahani! Nilichungulia dirishani. Masalu alikuwa uani, ameshika ile kazi yake kwa mikono miwili, hajui kama aondoke nayo au aiache. Mzee Bujiku alikuwa anamfokea kwa Kisukuma, na Masalu alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa kama mwenye hatia kweli. Hakutazama dirishani hata mara moja. Alikuwa amenifanyia jambo hilo na hakutaka hata nimshukuru. Nikawaza: akifika barabarani, sitamwona tena. Nitasokota pamba. Baba atatabasamu, mama atanyamaza, nami nitazeeka nikiwa nimekaa pembeni ya maji nikilinda uongo. Nilisubiri wazo hilo liniogopeshe. Halikuniogopesha. Lilinichosha, na uchovu ule ulikuwa mkubwa kuliko woga.

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua," nikasema. "Na sisi kifo tunacho ndani miaka minne."

Nikafungua mlango kabla hajanishika.

Baba alikuwa bado amesimama pale pale sebuleni, mkono umeinuliwa kidogo, kama bado anagusa pamba. Nikapiga magoti mbele yake. Kupitia mlango wa mbele uliokuwa wazi, Masalu aliniona.

"Hosi, acha," akasema. "Hosi, usiseme."

"Baba," nikasema, "Masalu si mwizi. Mimi nilimwita. Mimi nilimwambia umekubali."

Baba aliniangalia kwa yale macho yake mapya. "Wewe uliniambia ziwa."

"Nilikudanganya."

"Maji yalipanda."

"Yalipanda, baba. Lakini hayakuufikia."

Ilimchukua muda. Niliona maneno yakimwingia moja moja, na nikaona swali nililokuwa naliogopa likifika.

"Kwa hiyo hakuja?"

"Hakuja, baba."

"Hakuuchukua yeye."

"Onesmo amekufa, baba. Alikufa siku ile ile."

Nilisema bila kulia. Sauti yangu ilikuwa ile ile ya kumwambia mteja kwamba dagaa wa leo wamekwisha. Baba akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na bahati kiti kilikuwepo. Kutoka jikoni ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilianza chini kama mtu anayekohoa, ikapanda, ikapasuka, na nikatambua ni mama yangu. Mama Onesmo alikuwa anapiga yowe la msiba.

Kwetu yowe likipigwa, mtu haulizi, anakimbia. Wakaja kutoka mwaloni, kutoka mashineni, kutoka kanisani walikokuwa wanafanya usafi. Dorah alikuja na kisu na magamba ya samaki mikononi.

"Nani? Hosiana, nani amekufa?"

"Onesmo," nikamjibu.

Nilitegemea ashangae. Nilitegemea aseme, kwani hatujui? Dorah alitupa kisu chini, akashika kichwa, akalia kama mtu aliyepewa habari muda ule ule. Mwingine akauliza, nikajibu, "Onesmo," naye akaanguka kwenye majani. Wote walikuwa wamemngoja. Miaka minne walikuwa wamebeba kilio chao wakipita mbali na mtumbwi, wakisubiri sisi wenyewe tuwape ruhusa. Wale wenzake wawili waliookoka walikuja pamoja, wanaume wazima, wakakaa chini ukutani wakalia kwa kwikwi wakiwa wameshikana mikono.

Mzee Bujiku aliingia sebuleni, kofia mkononi. "Bwana Bartholomeo, tulikuja kwa posa na jibu tumelipata. Lakini hatuwezi kuukuta msiba tukaupa kisogo. Jembe liko wapi?"

Baba alinyanyua kichwa. Macho yake yalimpita Mzee Bujiku, yakamtafuta Masalu aliyekuwa kizingitini.

"Kaburi linataka kitu cha kulaza," alisema. "Mgomba nilikataa na leo nakataa. Hizo mbao..." Akashindwa kumaliza.

"Ni za kwake, baba," Masalu akasema. "Hazijawahi kuwa zangu."

"Umezifanyia kazi."

"Nimezifanyia. Zilaze."

Hiyo ndiyo kazi ambayo watu wa Mwanza waliiulizia mara tatu. Aliiegemeza ukutani, akavua shati lake jeupe, akachukua jembe.

Tulichagua mahali nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la bibi. Mtu aliyekulia kwenye mashimo ya Maganzo akichimba, utamjua. Hakuwa na papara, kuta zilisimama zimenyooka, udongo ulitoka kwa mpangilio. Vijana wa Nkome walitaka kumpokea, akakataa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, nimefungwa kanga kichwani, na watu walikuja kunipa pole mmoja mmoja. Nilizipokea. Nilisema asante. Katekista alipokuja kuuliza jina la ubatizo la marehemu nilimtajia, na hata hilo nililitaja kwa ufasaha. Dorah alinitazama kwa wasiwasi, nadhani alianza kuamini utani wake mwenyewe.

Masalu alikuwa anazama kaburini. Kwanza magoti, kisha kiuno. Mara moja aliinua uso, akanitafuta kati ya wale wanawake wote, akanipata. Hakutabasamu, wala hakunilaumu. Alitaka tu kujua kama bado nipo. Nikaitikia kwa kichwa kidogo, ndiyo, nipo. Akarudi kwenye kazi yake.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi na wazee wa ukoo, wale wale aliowafukuza mwaka ule. Mmoja wao, babu mwenye masikio mazito, alikuwa amechelewa kufika na hakujua mambo ya asubuhi. Alichungulia kaburini, akakunja uso.

"Bartholomeo, huyu anayechimba si wa huku. Ni nani?"

Mama akaacha kulia. Chini shimoni jembe likasimama, na hakuna kichwa kilichoinuka. Nilimtazama baba yangu. Nilikuwa naogopa, naogopa kweli, na sikumbuki mara ya mwisho niliogopa lini.

Baba alijifuta uso kwa kiganja cha kushoto.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ya kumtosha babu yule na ukoo mzima. "Mpeni maji, kuna jua."

Nikainuka niende kumchotea, nikafika hatua mbili. Dorah akanidaka nikianguka, na hapo hapo, mbele ya watu wote, nikamlilia kaka yangu.